Meli ya mafuta iliyoelea nje ya Lamu: uchambuzi wa kisa

Habari ilianzia Kizingitini, kijiji cha wavuvi kisiwani Pate. Ulikuwa msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, mashua zinatoka nje ya mwamba kufuata jodari na nguru, na manahodha wawili waliorudi asubuhi moja walieleza jambo lile lile bila kusikilizana: nje kuna meli kubwa ya mafuta, haiendi na wala haikutia nanga. Kesho yake ilikuwa karibu zaidi. Kesho kutwa imerudi mbali. Jioni ile habari ilishafika Lamu mjini, na kila baraza lilikuwa na maelezo yake.

Maelezo yaliyoshika yalikuwa matatu. La kwanza, meli imekuja kwa ajili ya mafuta yanayochimbwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwa hiyo bandari mpya ya Lamu imeanza kazi ya mafuta bila wavuvi kuambiwa. La pili, ni meli ya magendo: vijana walifungua ramani ya meli kwenye simu, wakatazama sehemu ile ya bahari, na hapakuwa na kitu. La tatu ndilo lililowatia watu hasira, kwamba imesimama pale kuosha matangi yake, kwa kuwa vipande vya lami vilikuwa vimeokotwa mchangani Shela.

Hasira hiyo ina asili yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba mradi wa bandari ya Lamu umewaathiri wavuvi, ikataja fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Mtu aliyepitia kesi ile haoni meli ya mafuta akanyamaza. Kamati ya wavuvi, BMU, ikaniomba nisome kinachosomeka kuhusu meli hiyo, kwa sababu nimewahi kufanya kazi ya ubaharia kwenye meli za namna hiyo. Jina lake silitaji humu, kwa kuwa haikuthibitika kuwa na kosa lolote.

Walichoona wavuvi

Nilianza na manahodha kabla ya simu. Mmoja alisema: "Chini nyekundu, juu nyeusi. Nyumba yake iko tezi kabisa. Katikati ina kreni mbili fupi, haina kontena hata moja."

Sentensi hizo zilikuwa na nusu ya majibu. Nyumba ya tezi, yaani upande wa nyuma, na kreni fupi za katikati ni umbo la meli ya mafuta. Kreni hizo huinua mipira ya kupakia na kupakua, nazo huwa ubavuni pale mabomba yanapotokea. Lakini neno kubwa ni "nyekundu". Rangi ile hupakwa sehemu ya mwili inayokaa majini meli ikiwa na mzigo, ili viumbe wa baharini wasishike. Meli iliyojaa huizamisha karibu yote. Ukiona ukanda mpana wa wekundu juu ya maji, hiyo meli haina mafuta ya kuuza ndani yake. Ina farumi tu, yaani maji ya kuipa uzito ili itulie baharini.

Nikauliza wekundu ulikuwa mpana kiasi gani. Nahodha akaonyesha kwa mkono: chini ya nusu ya ubavu unaoonekana juu ya maji, lakini si mbali na nusu. Kwa meli ambayo urefu wa ubavu wake kutoka mkuku, yaani chini kabisa ya meli, hadi sitaha ni kama mita 30, hiyo ni kuzama kwa mita 10 hivi. Nilikiandika kipimo hicho pembeni kabla sijaangalia takwimu zozote.

Kuhusu umbali watu walibishana sana. Jicho la mtu aliyeketi kwenye mashua liko mita mbili hivi juu ya maji, na upeo wake wa macho hauzidi maili tatu za baharini. Ila kitu chenye kimo cha mita 50 huchungulia kutoka nyuma ya mviringo wa dunia, kikaonekana kuanzia maili 17 hivi hali ya hewa ikiwa safi. Ukiona bomba la moshi na paa la nyumba peke yake, uko mbali. Ukianza kuona wekundu, uko chini ya maili kumi. Ukiona maji yanapogusa ubavu, uko ndani ya maili tatu. Hesabu hii inafaa kujua, kwa sababu umbali una uzito wa kisheria, kama nitakavyoeleza.

Mashua moja ilikuwa imekaribia zaidi ya hapo, na kijana mmoja akapiga picha ya tezi kwa simu. Hilo silishauri kwa mtu yeyote. Tarehe 15 Februari 2012, nje ya pwani ya Kerala, walinzi wenye silaha kwenye meli ya mafuta ya Italia iitwayo Enrica Lexie waliwapiga risasi wavuvi wawili wa Kihindi wakiwadhania maharamia, wakafa. Meli zinazopita karibu na maji ya Somalia bado zinabeba walinzi, na mashua ya faiba inayokwenda mbio kuelekea ubavu wa meli kubwa huwa na sura moja tu machoni mwao.

Namba iliyofutika

Picha ilionyesha jina, bandari ya usajili, na namba ya tarakimu saba yenye herufi IMO, za shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, mbele yake. Jina halitoshi. Meli zenye jina moja ziko nyingi, na meli hubadilishwa jina kila inapouzwa. Namba ya IMO hutolewa meli inapoundwa na hubaki nayo hadi inapokatwa vyuma.

Shida ni kwamba tarakimu moja ilifunikwa na mng'ao wa jua. Hapa kuna ujanja mdogo ambao watu wengi hawaujui. Tarakimu ya saba ni ya kukagua zile sita za mwanzo. Chukua namba inayotumiwa mara nyingi kufundishia, 9074729. Zidisha sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo: 63, 0, 35, 16, 21 na 4. Jumla ni 139, na tarakimu ya mwisho ya jumla, 9, ndiyo inayofunga namba. Sasa tuseme ya tano haisomeki. Zilizobaki zinajumlika 118. Lazima uongeze kitu kilichozidishwa kwa 3 hadi jumla iishie na 9. Ni 7 peke yake inayowezekana. Kwetu tarakimu iliyofutika ilikuwa kwenye nafasi hiyo hiyo, bahati nzuri, maana ingekuwa ya pili au ya tatu majibu yangekuwa zaidi ya moja.

Namba ilipokamilika, rekodi za usajili zilitoa maumbile yake. Iliundwa Korea Kusini. Urefu mita 333, upana mita 60, uwezo wa kubeba tani zinazozidi 300,000. Hilo ndilo daraja ambalo wafanyabiashara wa mafuta huliita VLCC, meli zinazobeba mapipa milioni mbili kwa safari moja. Pipa ni lita 159, kwa hiyo ni lita milioni 318. Majahazi matatu makubwa yakifuatana omo (upande wa mbele) kwa tezi hayafikii upana wake, achilia mbali urefu. Mabaharia wa kuiendesha ni kama 25.

Kwa nini simu haikuiona

Kijana aliyepiga picha alikuwa na hoja yake: "Ami, hii meli haiko kwenye ramani. Wameizima." Nahodha akamjibu: "Haiko kwenye simu yako, mwanangu. Baharini iko."

Mtambo unaozungumziwa, unaotangaza mahali meli ilipo, huitwa AIS. Tangu mwisho wa mwaka 2004, sheria za kimataifa za usalama baharini zinazilazimisha meli zote za tani 300 za ujazo na zaidi zinazosafiri nchi kwa nchi kuwa nao. Hutangaza kwa redio ya VHF: meli inayokwenda hutoa mahali ilipo kila baada ya sekunde chache, iliyotia nanga kila dakika tatu, na maelezo ya jina na vipimo kila dakika sita. Lakini VHF huenda karibu na mstari wa jicho. Kipokezi cha ufukweni husikia maili 20 hadi 40, kikiwekwa juu zaidi husikia mbali zaidi. Ramani za bure za simu hutegemea vipokezi hivyo vya nchi kavu, vingi vikiwa vimewekwa na watu wa kujitolea karibu na bandari kubwa. Pasipokuwa na kipokezi, meli inapiga kelele na hakuna sikio. Ishara zile zile husikika na setilaiti, ila data ya setilaiti inauzwa.

Nina rafiki katika ofisi ya wakala wa meli Mombasa inayolipia data hiyo. Alipoingiza namba, njia yote ya meli ikatokea, haikukatika mahali. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda na pwani ya Afrika Mashariki, ikapunguza mwendo ilipofika usawa wetu. Dai la magendo likafa pale pale.

Nikiri kwamba zipo meli zinazozima. Nahodha anaruhusiwa kuzima akiona kutangaza kunaihatarisha meli, na kwenye maji ya maharamia wengi wamewahi kufanya hivyo. Zipo pia meli kuukuu zinazobeba mafuta yaliyowekewa vikwazo, zinazotangaza mahali pa uongo au hata kuvaa namba ya meli iliyokwisha kukatwa vyuma. Bendera nayo ihesabiwe kwa tahadhari: tarakimu tatu za mwanzo za namba ya redio ya meli huonyesha nchi ya usajili, 634 ikiwa Kenya, 636 Liberia, 538 Visiwa vya Marshall, 620 Komoro. Meli yenye bendera ya Komoro inaweza isiwe na Mngazija hata mmoja ndani.

Kilichoandikwa na mtu na kilichoandikwa na mashine

Katika ujumbe wa AIS, mahali, mwendo na uelekeo hutoka kwenye GPS na dira bila mkono wa mtu. Kikomo cha safari, hali ya meli, na kiasi ilichozama huandikwa na afisa wa zamu. Akisahau, inabaki taarifa ya safari iliyopita. Kwa hiyo anayefuatilia meli asiamini neno la mtu mpaka mashine ilithibitishe.

Afisa wa meli yetu alikuwa ameandika kuzama mita 10.2, na mahali pa kikomo cha safari akaandika kwamba anangojea maagizo. Kipimo cha wekundu nilichokiandika pembeni kilikubaliana naye. Mashine nayo ilikuwa na lake. Mchana mwendo ulikuwa noti moja, yaani maili moja ya baharini kwa saa, au pungufu, meli ikisogea kusini-magharibi huku omo yake ikitazama upande mwingine kabisa. Meli inayoendeshwa huenda inakotazama, au karibu na hapo. Inayokwenda kiubavu inasukumwa. Na kilichoisukuma kinajulikana na kila mtoto wa Lamu: kaskazi. Meli tupu ya mita 333 yenye ubavu wa mita 20 juu ya maji hushika upepo kuliko tanga lolote. Jioni mwendo ulipanda hadi noti 8, omo na uelekeo vikalingana, ikarudi mashariki saa kadhaa, kisha injini ikatulizwa tena. Huko ndiko kukaribia na kurudi mbali walikokuona wavuvi. Nanga isingefaa pale, kwa kuwa mnyororo wa meli hizi haufiki hata mita 400, na kina cha bahari kuu huzidi hapo.

Kwa nini ingojee? Meli ya daraja hili ikiwa imejaa haipiti Suez, hivyo mafuta ya Ghuba kwenda nchi za Atlantiki huzunguka Rasi, na meli hurudi tupu kwa njia hiyo hiyo. Kutoka usawa wa Lamu hadi Fujairah, bandari ya Falme za Kiarabu wanakopenda kungojea, ni zaidi kidogo ya maili 2,000, siku sita au saba kwa noti 13. Mwenye meli asiyepata mzigo bado haoni faida ya kuchoma mafuta ili akasongamane na wenzake kule.

Wengine waliuliza mbona haogopi maharamia. Walikumbuka Sirius Star, nami nilifurahi kuulizwa, kwa sababu vipimo ndivyo vinavyojibu. Meli ile ya Saudia, mita 332, ilitekwa tarehe 15 Novemba 2008 zaidi ya maili 450 kusini-mashariki mwa pwani ya Kenya, ikaachiliwa tarehe 9 Januari 2009 baada ya fidia kudondoshwa kwa parachuti. Ilikuwa imejaa mapipa milioni mbili, sitaha yake iko chini, rahisi kufikiwa kwa ngazi. Yetu ilikuwa tupu. Kupanda ukuta wa mita 20 kutoka kwenye mashua inayorushwa na mawimbi ni kazi nyingine.

Madai ya Turkana

Hili ndilo nililodhani litakuwa gumu, kumbe lilimalizwa na hesabu ya kuzidisha. Mita 333 mara 60 ni karibu mita za mraba 20,000. Ondoa pembe za omo na tezi, zinabaki kama 17,000. Basi kila sentimita moja meli inayozama zaidi ni mita za ujazo 170 za maji zilizosukumwa, yaani takriban tani 170 za mzigo. Ili ibebe mzigo wake wote lazima izame mita kumi na zaidi kutoka pale ilipokuwa, ifike mita 21 au 22.

Mlango wa bandari ya Lamu umechimbwa hadi mita 17.5. Meli hiyo ingeweza kuingia ikiwa tupu, lakini haiwezi kutoka ikiwa imejaa. Hakuna mwenye meli anayekodisha chombo cha mapipa milioni mbili ili akijaze nusu. Gati tatu zilizopo, ya kwanza ikiwa ilifunguliwa Mei 2021, ni za shehena na makontena, na bomba la kutoka Lokichar, Turkana, hadi Lamu halijajengwa. Mafuta ya Turkana yaliyouzwa nje Agosti 2019 yalisafirishwa kwa malori hadi Mombasa na kupakiwa kule, mapipa kama 200,000, sehemu moja ya kumi ya tumbo la meli hii. Bomba likijengwa siku moja, tutegemee meli za madaraja ya chini au maboya ya kupakilia mbali nje. Hilo la maboya ndilo wavuvi wafuatilie kwenye mikutano ya mazingira, maana boya huja na eneo la marufuku ya kuvua.

Lami ya Shela

Kisheria meli ilikuwa salama pale ilipokuwa. Ndani ya maili 12 meli ya kigeni ina haki ya kupita bila kusitasita, haina ruhusa ya kuzurura. Nje ya hapo, hata ndani ya ukanda wetu wa kiuchumi wa maili 200, inaweza kuelea. Njia iliyorekodiwa na setilaiti haikuionyesha ikiingia ndani ya maili 12 hata mara moja, ingawa siku moja upepo uliifikisha maili chache tu nje ya mpaka huo.

Kuosha matangi ni jambo jingine. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, unairuhusu meli ya mafuta kumwaga maji yenye mabaki ya mzigo ikiwa zaidi ya maili 50 kutoka nchi kavu, ikiwa safarini, isizidi lita 30 kwa kila maili, na jumla isizidi sehemu moja kati ya 30,000 ya mzigo uliopita. Kwa tumbo hili hiyo ni kama mita za ujazo kumi. Ikielea tu, au ikiwa ndani ya maili 50, hairuhusiwi. Farumi yenyewe hukaa kwenye matangi yake, katikati ya tabaka mbili za mwili, haichanganyiki na mafuta. Kwa hiyo meli ikimwaga maji safi ya farumi si kosa, na mtu wa mbali hawezi kutofautisha ila kwa kuona utando unaong'aa juu ya maji.

Je, ilimwaga mafuta? Lami ya Shela iliokotwa siku mbili kabla meli haijafika usawa wa Lamu. Mafuta juu ya maji husogea kwa asilimia 3 hivi ya kasi ya upepo pamoja na mkondo wote. Kaskazi ya noti 15 huyasukuma kwa chini ya nusu noti, kwa hiyo maili 30 ni karibu siku tatu pasipo mkondo. Saa hazikubaliani. Na vipande vyenyewe vilikuwa vigumu, vimeshikwa na vile vijidude vya gamba vinavyong'ang'ania mbao za vyombo. Gamba halioti kwa siku mbili. Mafuta yale yalikuwa yameelea wiki kadhaa.

Hilo linaisafisha meli hii, lakini lami ina mwenyewe. Nilishauri vipande viwekwe kwenye chupa ya kioo, si mfuko wa plastiki, visipigwe jua, viandikwe tarehe, saa na mahali, kisha vipelekwe Mamlaka ya Bahari ya Kenya pamoja na taarifa. Maabara inaweza kulinganisha mafuta na sampuli ya meli inayoshukiwa. Bila chupa kuna maneno tu. Katibu wa BMU alifanya hivyo wiki ile ile, akaambatisha picha ya tezi yenye namba ya IMO na orodha ya saa ambazo mashua ziliiona, ingawa meli yenyewe ilikuwa imeshawasha injini na kuelekea kaskazini-mashariki kwa noti 12, kikomo cha safari kikisomeka Fujairah.